Kiboksi chekundu cha huduma ya kwanza cha elfu 45: tumeungua kweli, tumekifungua kweli, hii ndo rivyu yangu

Wadau habari za saa hizi. Naandika nikiwa nimekaa kwenye stuli nje ya kibanda, karai nimeshazima, mvua imefukuza wateja wote kwahiyo leo nina muda. Kuna mtu aliuliza kile kiboksi chekundu cha huduma ya kwanza kinachouzwa kila kona Kariakoo, kile chenye msalaba mweupe juu na kishikio kama cha boksi la fundi, ukinunua kwa ajili ya kuungua moto kinasaidia au ni urembo tu. Mi ninacho, na kimetumika, sio kwamba nilikifungua nikapiga picha nikafunga.

Kwanza mjue natokea wapi. Nina kibanda cha chipsi huku Dar, chipsi, kuku, mishkaki wikiendi. Mwezi wa pili mteja wangu mmoja, mbaba mtu mzima hivi, akaniambia mwanangu hapa una karai la mafuta ya moto na mtungi wa gesi na vijana wawili wanapishana humo ndani kama daladala kituoni, halafu huna hata bendeji, siku mtu akiungua utafanyaje? Nikacheka ila usiku nikalifikiria. Jumatatu nikashuka Kariakoo. Muuzaji akaniambia dada hiki ni kamili, kina kila kitu, mpaka cha kuungua kimo, akataja elfu 60 tukashushana hadi 45, nikarudi nimekipakata kama mtoto mchanga.

Kikakaa ukutani kwenye msumari miezi mitatu. Kwa ukutani pale naweza kukipa nyota 5, kinang'aa, na mafuta yakirukia unafuta kwa kitambaa yanatoka.

Sasa ikaja ile Ijumaa, saa moja jioni, oda zimejaa, dogo ninayefanya naye kazi akatumbukiza ndoo ya viazi ambavyo havijachujwa maji vizuri. Anayekaanga chipsi anajua nini kinatokea, maji yakikutana na mafuta ya moto vile yanageuka mvuke palepale, mafuta yanafura yanapanda juu na kuruka. Yakamshukia mkono wa kulia, nyuma ya kiganja na kupanda mpaka nusu ya mkono huku kwenye kiwiko. Alipiga yowe moja tu afu akanyamaza, na kule kunyamaza ndo kulinitisha kuliko yowe. Nikazima gesi kwanza, nikamvuta pembeni, na hapohapo kila aliyekuwa pale akawa daktari. Mmoja analeta Colgate, mwingine anaita unga wa ngano unga wa ngano, mama wa genge la jirani alishafika na yai mkononi, yani alishalipasua kabisa, ute unamchuruzika kwenye vidole.

Mi Colgate naijua, nilipakwa nikiwa darasa la tatu baada ya kumwagikiwa uji, nakumbuka ule ubaridi wa dakika moja afu moto ukarudi umebeba na wenzake, na zahanati wakaja kuikwangua ile dawa iliyokauka juu ya kidonda kibichi. Hiyo sehemu ya kukwangua ndo nakumbuka zaidi kuliko kuungua kwenyewe. Kwahiyo nikasema hapana, hakuna cha yai wala unga, maji.

Na hapa inabidi niweke rivyu ndani ya rivyu, maana mimi hayo ya maji sikuyatoa kwenye kiboksi. Wiki ile ile niliyokinunua nilipita famasia ya mtaani kwetu kuongeza tyubu kubwa ya krimu ya kuungua, niliona ile ya kwenye boksi ni gramu 15 tu. Kaka wa pale akaniuliza nani kaungua? Nikamwambia hajaungua mtu, nataka kuweka tu. Akaniambia basi dada hela yako kaa nayo, weka ndoo mbili za maji safi zenye mfuniko, hizo ndo dawa ya kwanza. Nikadhani ananitania. Akanieleza taratibu kabisa, hakunionyesha kwamba nampotezea muda, kwamba mafuta au chai ikishakumwagikia ile ngozi inaendelea kuiva hata baada ya moto kuondoka, joto limebaki ndani linashuka chini, sasa ukimimina maji ya kawaida ya baridi dakika 20 unalitoa lile joto. Sio dakika 2, dakika 20. Na hata kama mtu kachelewa, kaungua saa nzima iliyopita huko njiani, bado ummiminie, mpaka masaa 3 maji yanasaidia. Barafu usiweke, barafu inabana mishipa ya damu na ile ngozi iliyoumia ndo inazidi kufa. Duka limekataa hela yangu likanipa elimu bure, nyota zote tano nawapa hawa.

Turudi kwa dogo. Siku hiyo bomba lilikuwa halitoki, huku kwetu maji ni kwa zamu na haikuwa zamu yetu, kwahiyo zile ndoo mbili za lita 20 ndo zilituokoa. Nilimkalisha kwenye kreti la soda, mkono juu ya beseni, nikawa namimina kwa jagi polepole, mwembamba hivi kama unamnawisha mgeni mikono, na simu nimeweka saa ya kuhesabu. Aisee dakika 20 ni ndefu. Dakika ya nne akaniambia dada imetosha sasa nipo fresh, nikasimamisha kumimina, hajamaliza hata kunyanyua mkono akaanza kukunja uso tena, nikaendelea. Ndoo ya kwanza ikaisha, tukaingia ya pili mpaka nusu, kwahiyo piga hesabu kama lita 30 hivi. Wakati namimina nikamvua saa na ile pete yake ya shaba anayosema kapewa na babu, maana mkono ukishavimba pete haitoki tena, itabidi ikatwe na inaweza kuziba damu kwenye kidole. Na kweli ilipofika mwisho vidole vilikuwa vimeanza kujaa.

Kijana wa soda akaja na bonge la barafu kutoka kwenye friji lake kwa moyo mweupe kabisa. Nikamwambia weka kwenye soda.

Haya sasa kiboksi. Nilianza na mkasi, maana dogo alikuwa kavaa sweta la mikono mirefu, limelowa mafuta, na nguo iliyolowa mafuta ya moto inakaa na joto kama chapati kwenye hotipoti. Inabidi itoke mapema, isipokuwa pale iliponata kwenye ngozi, hapo huvuti, unakata kuzunguka unaacha kipande palepale. Bahati yetu haikunata. Ila ule mkasi wa kwenye kiboksi wadau, ulikuwa unatafuna sweta kama mbuzi kibogoyo, unakunja kitambaa haukati, mara ya tatu msumari wake wa katikati ukalegea ukabaki na vipande viwili mkononi. Nikachukua mkasi wangu wa kukatia kuku nikausuuza nikakata, yani mi na mwenzangu mmoja anamimina maji mwingine anakata. Kwa mkasi pekee kile kiboksi hakistahili hata nusu nyota.

Krimu. Hii ndo sehemu walioitengeneza wanajivunia, kuna stika kabisa kwenye mfuniko, picha ya mwali wa moto. Ni ile krimu nyeupe ya silva salfadiazini, wengi mnaijua, hospitali ipo miaka na miaka. Karatasi ya maelekezo, ambayo ni Kichina na Kiingereza, hakuna Kiswahili hata neno moja, inasema ukiungua paka hapohapo. Hapohapo! Kwenye hayo maelekezo yote maji hayajatajwa kabisa, nimelisoma mara mbili na taa ya simu. Yule kaka wa famasia alishaniambia krimu sio ya kukimbilia, unaipaka juu ya joto unalifungia ndani, afu ukifika kwa daktari inakuwa imetengeneza utando mweupe juu ya kidonda, haoni umeungua kina gani mpaka aifute, na kufuta ndo kilio kinaanza upya. Yeye daktari ndo aamue kama inahitajika. Na kingine ambacho hakuna aliyekiandika kwenye boksi, hiyo dawa ina salfa, mtu ambaye Septrin au Fansidar humletea vipele au kuvimba asipakwe, mama mjamzito aliyekaribia kujifungua pia hapana, na kichanga cha chini ya miezi 2 hapana. Sasa fikiria mama nyumbani, mtoto kamwagikiwa chai, anafuata karatasi.

Ndani ya kiboksi kulikuwa na furushi la pamba pia, zuri, jeupe, laini. Pamba kwenye kidonda cha moto msiweke jamani. Zile nyuzi zinaganda, siku ya kuosha mtu anatolewa uzi mmoja mmoja. Plasta 20 za kubandika nazo, sawa kwa aliyejikata na kisu cha viazi, ila ukibandika gundi pembeni ya ngozi iliyoungua ukija kubandua unaondoka nayo. Gozi, vile vitambaa vyepesi vya kufunikia kidonda, zipo, sikatai, mbili, sentimita 5 kwa 5, ukiziweka kwenye mkono wa dogo ni kama stempu kwenye bahasha. Hapo boksi limeandikwa kwa Kiingereza kwamba ni kwa aina zote za moto! Watu wa Msamvu pale Morogoro, Agosti 2019, lori la mafuta lilipolipuka wakafa zaidi ya 100, majeruhi wengine wakaletwa mpaka Muhimbili, halafu mtu anakaa anaandika aina zote kwenye tyubu ya gramu 15. Inaniudhi sana hii.

Tulichofunikia mwishowe ni nailoni, ile laini ya kuviringishia vyakula, mi nafungia nayo kuku za oda. Unatupa mzunguko wa kwanza kwenye roli kwasababu umeshikwashikwa, unakata kipande kirefu unalaza juu ya jeraha kama shuka. Kulaza, sio kuzungusha kama bendeji, mkono unavimba ukiwa umeuzungushia inabana. Haigandi, inazuia upepo (na upepo ndo unaochoma, kama umewahi kuungua unajua), na daktari anaona moja kwa moja bila kufungua. Na ilishakuwemo kibandani siku zote, juu ya friji, mi nanunua kiboksi cha elfu 45 kumbe dawa nafungia kuku.

Sasa niwe muungwana, kuna vitu viwili vilivyofanya kazi. Glavu, pea moja, hazikupasuka. Na lile blanketi la karatasi la rangi ya fedha ambalo nilipoliona mwanzo nilijua ni la kuokea samaki. Baada ya dakika 20 za maji dogo alikuwa anatetemeka, kalowa, na hofu nayo, nikamfunika mabegani na mgongoni mkono nimeuacha nje, akatulia. Kwa mtoto mdogo hili ni muhimu zaidi maana mtoto anapoa haraka mwili mzima, unatakiwa upooze jeraha lakini umuweke mtoto joto, vyote kwa pamoja. Blanketi lile nyota 5. Dawa ya maumivu haikuwemo, tukamnunulia Panadol dukani.

Tukapanda bajaji mpaka kituo cha afya. Dogo njiani ananiambia dada ni mkono tu huu, turudi oda zinasubiri. Tabibu alipouona alifanya kitu kimoja nikakipenda, alichukua kiganja cha dogo mwenyewe, kile kizima cha kushoto, akakiweka juu juu ya jeraha kama anapima nguo, akasema kiganja chako pamoja na vidole ni kama asilimia 1 ya ngozi yako yote, hapa una moja na kidogo, sio kubwa, lakini ni kwenye mkono, na kuungua mkono, uso, mguu kwenye wayo, sehemu za siri au kwenye kiungo, hata kama ni padogo, mnakuja hospitali, hamkai nyumbani. Hivyohivyo umeme na asidi, na mtoto mdogo au mzee. Na ukiona sehemu iliyoungua ni nyeupe au kama imekuwa ngozi ya kiatu, na mtu anasema haiumi, usifurahi kwamba haiumi, hapo ndo imeshuka chini kabisa mpaka mishipa ya hisia imeungua. Ya dogo ilikuwa nyekundu, imelowa, inauma balaa, tabibu akasema inauma vizuri. Dogo alimwangalia kwa jicho baya sana.

Akachomwa sindano ya pepopunda kwasababu hakukumbuka alichanjwa lini, wakamfunga na gozi ile yenye mafuta mafuta isiyoganda, tukaambiwa turudi baada ya siku mbili. Malengelenge yaliyotoka, mawili makubwa kama zabibu na vidogo vidogo, wakasema msiyatumbue, ile ngozi ya juu ndo bendeji ya Mungu. Mjomba wake nyumbani alishachemsha sindano ya kushonea. Nilipiga simu usiku ule nikaongea na mjomba mwenyewe kwa heshima zote, shikamoo mjomba, naomba sana, hilo lengelenge liache.

Wiki mbili na siku kadhaa pakafunga. Rangi bado haijafanana, ni pinki pinki inaelekea kurudi, anavaa mikono mirefu mchana jua lisimpige.

Mi sasa nikarudi Kariakoo na vipande viwili vya mkasi. Sikwenda kugombana, nilitaka tu wanibadilishie, na nilikuwa nimegundua pia ile tyubu ya krimu imebakiza mwezi mmoja ieksipaye, yani nilinunua mwezi wa pili kitu cha kufa mwezi wa sita. Muuzaji akanisikiliza akatabasamu akaniambia, dada, hizi watu wananunua kwa ajili ya wakaguzi. Ananiambia bila aibu! Mkaguzi anakuja, anauliza sanduku liko wapi, unamuonyesha, anaweka tiki. Wewe umeenda kukifungua.

Jibu hilo nilitembea nalo mpaka kituoni. Maana ni kweli, nilishaona kile kiboksi kwenye mabasi, saluni, shule ya chekechea anayosoma binti yangu, kote kipo ukutani kimefungwa. Na hao wote wanadhani wamejiandaa, kama mi nilivyodhani.

Kwahiyo nakipa nyota 2 kati ya 5, moja ya blanketi na moja ya glavu, na kama unanunua kwa ajili ya jikoni hiyo elfu 45 nenda nayo kwingine, chukua ndoo mbili zenye mfuniko na jagi, roli la nailoni, gozi pana zilizofungwa moja moja, bendeji za kuviringisha, mkasi wa maana ule wa mshonaji, Panadol, glavu, afu kama una safari za barabarani au gari ongeza yale makaratasi yenye jeli ya baridi ambayo famasia kubwa wanauza, yanasaidia pale ambapo maji hakuna kabisa, ila maji yakiwepo jeli isubiri. Kiboksi chenyewe sio kibaya kama boksi, mi nimetoa vya ndani nimeweka hivyo vyangu, nje nimebandika karatasi kwa maandishi makubwa: MAJI DAKIKA 20, TOA PETE, FUNIKA, HOSPITALI, na namba ya zimamoto 114 chini yake. Kwa wenye watoto wadogo nyumbani na mnapikia chini kwenye jiko la mkaa, hiyo karatasi bandikeni hata ukutani, sufuria ya chai ipo usawa wa mkono wa mtoto wa mwaka mmoja na hawezi kujua.

Mama wa genge bado hajanisamehe kuhusu yai, anasema bibi yake alitibu kijiji kizima. Tunaongea vizuri lakini.

Na ndoo zipo pale nyuma ya friji, nimeziandika kwa mkaa USIGUSE. Jana nimekuta moja imeshuka nusu, namuuliza dogo, ananiambia dada nilichemshia mayai. Kwa mkono uleule.